Kabla hujasasisha: namna ya kufuatilia kilichobadilika kati ya toleo na toleo

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto pale katibu wa chama kimoja cha ushirika huko Mbozi aliponipigia simu asubuhi na mapema.

"Fundi, habari za asubuhi. Mbona orodha inasema mzee wetu huyu anadaiwa? Mbolea amemaliza kulipa, stakabadhi ninayo hapa mkononi."

Nikamwuliza kama ni huyo peke yake. Nikasikia anapekua karatasi.

"Hapana. Naona ni wote waliomaliza."

Seva ya chama, yaani kompyuta inayotoa orodha hiyo, niliisasisha mwenyewe Jumapili iliyotangulia: mfumo endeshi wake, Ubuntu, kutoka 20.04 kwenda 22.04. PHP, lugha iliyoandikiwa mfumo wa chama, nayo ikahama kutoka 7.4 hadi 8.1. Wala sikukurupuka: nilikuwa nimesoma orodha ya mabadiliko ya PHP 8.1 mstari kwa mstari. Ambayo sikuisoma ni ya 8.0, kwa sababu 8.0 sikuwahi kuiweka kwenye seva ile. Badiliko lililotuumiza lilikuwa humo.

Msimbo wenyewe, yaani maagizo ya programu, ulikuwa huu:

```
$deni = $mkopo - $alicholipa;
if ($deni == "") {
    $hali = "Hana deni";
} else {
    $hali = "Anadaiwa";
}
```

Mkulima akimaliza kulipa, `$deni` ni sifuri. Hadi PHP 7, kulinganisha sifuri na maandishi matupu kulitoa jibu la "ni sawa". Kuanzia PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, jibu ni "si sawa". Mfumo haukukwama wala kuonyesha kosa lolote. Ulitoa orodha safi kabisa, imechapishwa, imebandikwa ukutani, na wazee waliokwisha kulipa wamo kama wadaiwa. Nilikwenda Mbozi mwenyewe kuwaomba radhi.

Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na safari hiyo. Nauandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko tunaotunza seva za vyama, zahanati, shule na maduka, wengi wetu tukiwa peke yetu bila wa kutukagua. Ninaposema pakeji namaanisha programu au maktaba ya msimbo inayowekwa kwenye kompyuta kwa jina na namba yake ya toleo, si kifurushi cha simu.

Hatua ya 1: Andika ulipo

Huwezi kujua umetembea umbali gani kama hukuandika ulikoanzia. Kabla ya kugusa chochote, toa orodha ya kila kilichomo na namba yake, uihifadhi kwenye faili lenye tarehe. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
dpkg-query -W > kabla-2025-06-14.txt
```

Kama mfumo wako ni wa Python:

```
pip freeze > pip-kabla.txt
```

Kwa Node, `npm ls --depth=0`. Kwa PHP yenyewe, `php -v`, na kama unatumia Composer, `composer show`. Haichukui dakika tano. Ukimaliza kusasisha, toa orodha ileile kwa jina la "baada", kisha uzilinganishe:

```
diff pip-kabla.txt pip-baada.txt
```

Utaona mistari ya namna hii:

```
< pandas==1.5.3
---
> pandas==2.0.0
```

Alama ya kwanza ni ulikotoka, ya pili ni ulikofika. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba aliomba kusasisha pakeji moja, zikahama saba.

Na ikiwa umechelewa, umekwishasasisha na hukuandika kitu, usikate tamaa. Debian na Ubuntu huandika zenyewe. Fungua `/var/log/apt/history.log`, humo kuna tarehe, saa, amri iliyotolewa, na kila pakeji iliyohama ikiwa na toleo la zamani na jipya ndani ya mabano:

```
Upgrade: nginx:amd64 (1.18.0-6ubuntu14.3, 1.18.0-6ubuntu14.4)
```

Mafaili ya miezi iliyopita hukaa palepale yakiwa yamebanwa kwa gzip. Yasome kwa `zless`.

Hatua ya 2: Isome namba, ila usiishie hapo

Pakeji nyingi hufuata mpango wa namba tatu ulioandikwa na Tom Preston-Werner, ambao toleo lake la 2.0.0 ni la mwaka 2013. Chukua 4.2.7. Ya kwanza, 4, hupanda pale kitu cha zamani kinapovunjwa. Ya pili hupanda kunapoongezwa jambo jipya bila kuvunja la zamani. Ya tatu hupanda kwa marekebisho ya makosa tu. Pakeji ikiwa bado iko kwenye 0 mbele, haijakuahidi lolote.

Ukishaelewa hivyo, kumbuka gunia la viazi pale Uyole. Kwa nje limeandikwa kilo, lakini mnunuzi mwenye akili anaangalia kama lina lumbesa. Namba ya toleo ni maandishi ya nje ya gunia. Aliyeiandika ni binadamu aliyedhani badiliko lake ni dogo, na hakuwa akiifikiria seva yako ya Mafinga.

Tena si wote wanaofuata mpango huo. Python hubadilisha namba ya katikati tu, lakini 3.12 ya Oktoba 2023 iliondoa moduli ya distutils, na 3.13 ya Oktoba 2024 ikaondoa moduli ya cgi pamoja na nyingine kadhaa. Anayesubiri Python 4 ndipo aogope atakuwa amekwishaumia. Ubuntu nayo hutumia kalenda: 24.04 ni Aprili 2024, basi.

Jambo jingine linalowapoteza vijana: namba hizi si desimali. 1.10 ni mpya kuliko 1.9, kwa sababu kumi ni zaidi ya tisa. Ukizipanga kwenye faili tumia `sort -V`, ndiyo inayojua hilo.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa nginx, programu inayohudumia kurasa za tovuti. Pande zote mbili imeandikwa 1.18.0, kilichohama ni kipande cha baada ya kistari. Watu wengi hawakielewi, nacho kina maana kubwa. Ubuntu ikishatoa toleo lake la muda mrefu, haibebi programu mpya nzima kila siku. Inabaki na 1.18.0 ileile, halafu inachukua kiraka cha usalama kutoka matoleo mapya na kukishonea kwenye la zamani, kisha inapandisha namba ya baada ya kistari. Nimewahi kuona ripoti ya ukaguzi iliyosema seva ya ofisi fulani ni hatari kwa sababu "nginx yake ni ya zamani", mkaguzi akiwa ameangalia 1.18.0 peke yake. Viraka vyote vilikuwamo. Kabla ya kung'oa kitu kwa sababu ya namba ya mbele, soma cha nyuma kimeandikwa nini.

Hatua ya 3: Jua mabadiliko yameandikwa wapi

Yako sehemu mbili, na mara nyingi yanazungumzia mambo mawili tofauti.

Sehemu ya kwanza ni kwa mtengenezaji wa programu. Tafuta faili linaloitwa CHANGELOG, NEWS, HISTORY au UPGRADING katika folda kuu ya msimbo. PHP ina mawili: NEWS ni orodha ndefu ya kila kitu, na UPGRADING ni la mtu kama wewe anayehama. Sehemu ya kwanza kabisa ya UPGRADING ni ya mabadiliko yanayovunja vya zamani. Ukiwa na nusu saa tu, imalizie hapo.

Sehemu ya pili ni kwa wafungaji wa pakeji, yaani Debian au Ubuntu. Hao wanaandika walichofanya wao: kiraka gani wameshonea, faili gani la mipangilio wamehamisha. Faili lao limo ndani ya kompyuta yako tayari, huhitaji hata bando:

```
zless /usr/share/doc/nginx/changelog.Debian.gz
```

Kwenye Ubuntu faili hilo hukatwa na kubaki na maingizo ya mwisho tu. Ukitaka historia ndefu, `apt changelog nginx` huivuta kutoka mtandaoni. Na kuna pakeji ndogo iitwayo apt-listchanges ambayo naiweka kwenye kila seva ninayoikabidhiwa: kabla apt, programu ya kuweka na kusasisha pakeji, haijasasisha, inakuletea habari muhimu za pakeji zinazohama uzisome kwanza.

Mafaili mengi ya siku hizi hupangwa kwa vichwa sita, na ukivijua hata Kiingereza kikikupiga chenga utajua pa kukazia macho. Added ni vilivyoongezwa, Changed ni vilivyobadilika, Deprecated ni vilivyotangaziwa kuondolewa, Removed ni vilivyoondolewa, Fixed ni makosa yaliyorekebishwa, na Security ni ya usalama. Mimi huanza na Removed, kisha Changed, kisha Deprecated. Added hukaa mwisho. Kitu kipya hakijawahi kuniamsha usiku.

Kama mtengenezaji hakuandika chochote, au ameandika "marekebisho mbalimbali" akaishia hapo, ingia kwenye git, chombo kinachotunza historia ya msimbo:

```
git log --oneline v1.4.0..v1.5.0
git diff --stat v1.4.0 v1.5.0
```

Amri ya kwanza inakupa kila badiliko kwa mstari mmoja. Ya pili inakuonyesha mafaili gani yameguswa na kwa kiasi gani. Ukiona faili la mipangilio au la kuunda majedwali ya databesi limo, lifungue.

Nieleze na mpaka wa haya yote. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri katika 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua, mhandisi wa programu Andres Freund, hakuukuta kwenye orodha ya mabadiliko; aliona kuingia kwenye mashine kwa ssh, njia ya kuingia ukiwa mbali, kunachelewa kwa takribani nusu sekunde akaamua kuchimba. Kipande kimoja cha mtego kilikuwa kwenye kifungashio kilichotolewa kwa umma, na hakikuwamo kwenye git. Kwa hiyo orodha inaeleza kile ambacho mwandishi alitaka kukueleza. Ndiyo maana hatua ya tano ipo.

Hatua ya 4: Soma yote yaliyo katikati, kazi yako ikiwa mbele yako

Hapa ndipo nilipoteleza mimi, basi nitakaa kidogo.

Ukitoka 7.4 kwenda 8.1, unasoma 8.0 na 8.1. Ukitoka 7.2 kwenda 8.3, unasoma 7.3, 7.4, 8.0, 8.1, 8.2 na 8.3. Ni kama basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa: hata kama hushuki Makambako, barabara inapita pale, na shimo lililopo pale utalikanyaga. Matoleo uliyoyaruka hayakufutika. Yote yamo ndani ya lile unaloliweka.

Halafu usisome kama mtu anayesoma gazeti. Weka msimbo wako upande wa pili wa skrini, na kila ukikuta badiliko, uliza: hili nalitumia? Jibu usilitoe kichwani. Liulize faili kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili:

```
grep -rn '== ""' /var/www/mfumo
```

Amri hiyo moja, ningeiendesha Jumapili ile, ingenionyesha mstari wa deni na mingine kumi na minne ya aina yake. Ukikuta "kazi fulani imeondolewa", tafuta jina lake kwa grep. Hakuna? Piga mstari, songa mbele. Ipo? Andika jina la faili na namba ya mstari.

Kuna aina moja ya badiliko ambayo haipatikani kwa grep kirahisi, nayo ni kubadilika kwa kile kinachotokea pale wewe hukusema chochote. MySQL, programu ya databesi, katika 8.0 ilibadilisha njia yake ya kawaida ya kuthibitisha nywila, ikaja na caching_sha2_password, na programu za zamani zisizoijua zikashindwa kuunganishwa. Msimbo haukuwa na kosa. Ulikuwa umenyamaza tu, na maana ya kunyamaza ikabadilika. Toleo hilohilo lilifanya `groups` na `rank` kuwa maneno yaliyohifadhiwa. Hebu fikiria mfumo wa VICOBA: jedwali la vikundi karibu kila mara linaitwa nini? `groups`. Kila ombi linalolitaja bila alama za kunukuu za nyuma linagoma.

Na usipuuze Deprecated. Hiyo ni barua ya kukuarifu mapema. Maktaba ya pandas ilitangaza katika 1.4, Januari 2022, kwamba njia ya `append` ya kuongeza mistari kwenye jedwali itaondolewa. Ikaondolewa kwenye 2.0, Aprili 2023. Zaidi ya mwaka mzima wa notisi. Nimekaa na mwanafunzi aliyekuwa anaandaa takwimu zake za mavuno ya parachichi za Njombe, programu imegoma wiki ya kukabidhi kazi, na onyo lilikuwa likitokea kwenye skrini yake kila siku kwa maandishi mekundu. Alidhani ni kelele za kompyuta.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye nakala, kisha linganisha majibu

Chukua bakapu ya databesi, iweke kwenye kompyuta nyingine au kwenye mashine pepe ya laptopu yako, sasisha huko. Kufunguka kwa ukurasa si ushahidi. Wangu ulifunguka vizuri. Fanya hivi: toa ripoti ileile kwenye mfumo wa zamani na kwenye mpya, uzihifadhi kama maandishi, uziwekee diff. Wadaiwa, mapokezi ya kahawa kwa kilo, malipo ya awamu. Ikiwa data ni ileile na ripoti zimetofautiana hata kwa mstari mmoja, hujamaliza.

Siku ya kusasisha seva halisi, chagua nje ya msimu. Kwa vyama vya kahawa vya kwetu, mimi sigusi seva tangu uvunaji unapoanza, yapata Mei, hadi malipo yaishe. Viraka vya usalama peke yake ndivyo vinaruhusiwa. Na miezi ya mvua, ukiona wingu limekaa juu ya mlima Loleza, usianze. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, pakeji hubaki nusu zimewekwa nusu hazijawekwa. Likikukuta, amri ya kuanzia ni:

```
sudo dpkg --configure -a
```

Hatua ya 6: Zuia kuhama bila taarifa yako

Fupi hii. Kwenye package.json, faili linaloorodhesha pakeji za mradi wa Node, `^1.2.3` inaruhusu chochote kuanzia 1.2.3 hadi chini ya 2.0.0, na `~1.2.3` inaruhusu chochote kuanzia 1.2.3 hadi chini ya 1.3.0. Weka package-lock.json ndani ya git, na kwenye seva tumia `npm ci`, siyo `npm install`. Kwa Python, andika namba kamili kwa `==`. Kwa Ubuntu, pakeji usiyotaka ihame ifunge kwa `sudo apt-mark hold` ikifuatiwa na jina, lakini andika sababu na tarehe ya kuifungua. Pakeji iliyofungwa na kusahauliwa haipati viraka, na hapo umejitengenezea tatizo kubwa kuliko ulilolikimbia.

Hatua ya 7: Daftari

Langu ni faili moja la maandishi kwa kila seva. Wengine hutumia daftari la karatasi, nalo linafaa, halihitaji umeme. Ingizo moja linaonekana hivi:

```
Seva: ofisi ya chama
PHP 7.4 -> 8.1
Nilichosoma: UPGRADING ya 8.0, UPGRADING ya 8.1
Kinachotugusa: ulinganishaji wa sifuri na maandishi matupu (8.0)
Ulipo: wadaiwa.php mstari wa 88, na mingine 14
Nilichofanya: $deni == ""  sasa ni  $deni <= 0
Jaribio: ripoti ya wadaiwa, zamani na mpya, diff haina tofauti
Kurudi nyuma: bakapu kwenye diski ya nje, kabati la katibu
```

Mstari wa "Kinachotugusa" ndio wenye thamani kuliko yote. Orodha ya mtengenezaji iko mtandaoni na itaendelea kuwapo. Uhusiano wake na wadaiwa.php unaujua wewe tu, na ukihamia Dodoma kesho, atakayekurithi hana pa kuutoa.

Kama mfumo umeuandika mwenyewe, basi na wewe una watu wanaokusubiri uwaeleze. Kila unapowapelekea toleo jipya, wapelekee na karatasi moja ya Kiswahili, kwa maneno ya kazi yao na si ya kompyuta. Hii ndiyo niliyompa katibu wa Mbozi nilipomaliza kurekebisha, naye akaibandika palepale ilipokuwa ile orodha:

```
Toleo 2.3.1
Kimerekebishwa: aliyemaliza kulipa mkopo wa mbolea haonekani
tena kwenye orodha ya wadaiwa.
Hakijabadilika: kiasi cha kahawa kilichopokelewa na malipo ya awamu.
Cha kufanya: chapisha upya orodha ya wadaiwa, ile ya zamani itolewe.
```